Ndama Ndani ya Gari la Nelvine

Nelvine si mtu wa kulialia. Kwa hiyo asubuhi ile nilipomkuta amesimama kwenye ua unaotenganisha shamba lake na langu, macho yamemvimba, fimbo ameishika kwa mikono miwili, moyo wangu ulipiga paa. Nilidhani kuna msiba.

"Chemutai," akaniambia, "Jumatatu wanatoa giaboksi. Wanaweka ya klachi."

Mtu asiyemjua Nelvine angecheka na kurudi kuchuma majani yake. Mimi niliweka kikapu chini. Nilijua kabisa alichokuwa akiambiwa na dunia: shuka kwenye kiti cha dereva, usirudi tena.

Mguu wake wa kushoto ulidhoofika kwa polio alipokuwa mtoto. Anatembea, tena ukimuudhi anatembea kwa kasi ya ajabu, lakini mguu ule hauna nguvu ya kukanyaga kitu. Cherehani yake pale sokoni Kiptere huikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, na sare za shule anazoshona hazifumuki mpaka mtoto azikimbie mwenyewe kwa kurefuka. Ila gari la klachi linataka mguu wa kushoto, halina mjadala. Gari lake lilikuwa otomatiki. Vikanyagio viwili tu, vyote vya mguu wa kulia, kana kwamba Mjapani aliyelitengeneza alikuwa amemwona.

Kabla ya gari hilo Nelvine alikuwa mzigo. Neno hilo ni lake, si langu. Alipandishwa juu ya magunia ya trekta la majani chai, akafungwa kwenye keria ya baiskeli, na siku ya mahari ya Sally, binti wa shemeji yake, alisukumwa kwa wilbaro huku amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Watu walimsaidia kwa moyo mweupe. Yeye alitabasamu kila mara, na kila mara alirudi nyumbani amenuna. "Nimechoka kusema asante," aliniambia siku moja. "Mdomo umekauka kwa asante."

Sasa mumewe, arap Ng'eno. Huyu aliendesha trekta katika shamba kubwa la chai kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye chai yake na ng'ombe zake, akafanywa mzee wa kanisa. Maneno yake ya wiki nzima ukiyaweka kwenye kikapu hayafuniki chini. Magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika nchini, katikati ya miaka ya tisini, alisikia mahali kwamba mengine hayana klachi. Hakumwambia mtu. Mwaka ambao bonasi ya chai ilikuwa nzuri aliaga kwamba anakwenda Nairobi, akakaa huko, akarudi ameketi ndani ya gari dogo jeupe lililoendeshwa na mpwa wake. Akaingia dukani kwa mkewe, akaweka ufunguo juu ya cherehani, akatoka kwenda kukamua. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kupimwa gauni. Hotuba ya mapenzi ya mwanamume yule ilikuwa hiyo, na nikwambie ukweli, nilimwonea Nelvine wivu.

Alijifunza kwenye uwanja wa shule, akigonga goli moja tu, na leseni akapata. Basi tukaanza kuishi. Neno lake likabadilika, badala ya "asante" likawa "ingia". Ingia, Chemutai, tukaone mgonjwa. Ingia, mama, na huyo mtoto, twende zahanati. Arap Ng'eno mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, kofia magotini, wima kama yuko mahakamani. Alisema akikaa mbele mguu wake unatafuta breki.

Wanaume wa Kiptere walikuwa na maoni yao, hawakosi. Hiyo ni gari ya wavivu. Haina nguvu mlimani. Betri ikilala huwezi kusukuma ishike. Hata kuteremka ukiwa frii, bila gia, kuokoa mafuta, kama wafanyavyo wao kwenye mteremko wa Sondu, haipendi. Nelvine aliwasikiliza, akawauliza kama wanakwenda mahali, na wote wakaingia.

Mvua ndefu za mwaka ule ndizo zilizoleta matata. Jumapili moja, njiani kwenda kanisani, gari lilizama kwenye tope pale chini ya kituo cha kupimia majani chai, mahali ambapo kila kitu huzama. Kwetu dawa ya tope ni moja: unangoja trekta la majani, unafunga mnyororo, unavutwa. Trekta likaja. Arap Ng'eno akashuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee yule amechangamka. Alimpokonya kijana wa trekta mnyororo, akalala chali kwenye majani aliyoyatandika juu ya tope, akaufunga mwenyewe chini ya pua ya gari, akaukaza, akapiga mkono hewani. Alivuta magari mangapi maishani mwake, Mungu ndiye anajua. Gari likatoka topeni kama jino. Tulipiga makofi, na siku hiyo mzee wetu alikaa kiti cha nyuma akijisikia.

Haukupita muda, gari likaanza kuwa na tabia.

Mimi ndiye niliyekaa mbele, kwa hiyo niliyaona yote. Kwanza, Nelvine aliweka gia ya kwenda, na gari likasita. Likafikiri. Halafu, du! likatushtua mgongoni kama mtu amelipiga teke, ndipo likaondoka. Tukacheka. Wiki iliyofuata, tukipanda kutoka mtoni, injini ikapiga kelele kubwa na gari halikuongeza mwendo hata kidogo. Kelele zilikwenda mbele, sisi tukabaki nyuma. Kisha gia ikashika ghafla, vichwa vikatikisika. Hatukucheka tena. Baadaye ikaja sauti. Nyembamba, ya kunung'unika, inapanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, hata gari likiwa limesimama. Nelvine alizima redio aisikilize. Alikuwa akiendesha huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya kwenye kwaya akimtafuta anayeimba vibaya. Na yule huwa anampata.

Wakati huohuo nyumba ile ilikuwa na mgonjwa mwingine. Chelel, mtamba wao mweupe, hufungwa jioni kwenye nyasi kando ya boma, palepale gari linapoegeshwa. Asubuhi moja arap Ng'eno aliona matone mekundu kwenye nyasi. Kesho yake tena. Kwa mwenye ng'ombe hakuna rangi ya kutisha kama hiyo, maana akikojoa damu tayari uko karibu kumpoteza. Daktari wa mifugo akaitwa. Akampima Chelel mbele na nyuma, akamchoma sindano, akamchoma nyingine ya kusaidia ya kwanza. Chelel alikula vizuri, alinenepa, alipiga daktari teke la nguvu sana kwa mgonjwa, na matone yakaendelea. Arap Ng'eno alianza kukaa naye jioni, anamtazama tu. Nyumba yenye wagonjwa wawili haina raha.

Gari lilipelekwa kwa fundi mmoja wa mjini Kericho, mwenye gereji kubwa, jina nalihifadhi. Aliliendesha hadi kona na kurudi. "Mzee, giaboksi imekufa," akasema. "Hizi otomatiki ni za Nairobi, barabara tambarare. Huku milima inaziua. Mimi naweka ya kawaida, ya klachi, nimewawekea wengi. Leta Jumatatu."

Arap Ng'eno alikubali. Alimwambia mkewe jioni, kando ya ng'ombe. "Usijali," alimwambia. "Nitakuendesha mimi. Nitakupeleka popote unataka."

Alisema kwa wema wote, maskini. Ndiyo maneno yaliyomliza Nelvine usiku ule, na sasa alikuwa ananieleza juu ya ua huku akijifuta kwa kona ya leso. "Umesikia, Chemutai? Atanipeleka. Mimi narudi kuwa gunia."

Niliwaka. Nilitaka kwenda kumwambia arap Ng'eno maneno mawili matatu, mzee wa kanisa au si mzee wa kanisa. Nelvine akanizuia. Alikuwa ameshamwomba mumewe kitu kimoja: kabla ya hiyo Jumatatu, Jumamosi wapitie kwa Kepher.

Kepher Oketch alitoka pande za ziwa akiwa kijana, akafanya kazi katika karakana ya kiwanda cha chai, kisha akafungua gereji yake ya mabati ukingoni mwa soko la Kiptere. Mkewe Aoko huuza samaki upande wa pili wa barabara, na kati ya nyundo na mafuta ya kukaangia, pembe ile haina ukimya. Fundi alikuwa mzuri, lakini watu wengi walimwogopa kwa sababu ya masharti yake. Ukimletea gari hafungui boneti. Anaweka mikono mfukoni, anakutazama, anasema, "Lia kama hiyo." Ni lazima uigize mlio wa gari lako kwa mdomo wako mwenyewe. Ukimwambia "inapiga kelele", anakwambia hata mke wake anapiga kelele, na Aoko anamjibu kutoka ng'ambo. Nimewaona watu wazima wenye tai wamesimama pale wakifanya "krrr, krrr" huku wanatazama kama kuna anayewajua. Siku ya soko watoto hukaa kwenye ukingo wa mtaro kama wako sinema.

Na ilikuwa siku ya soko. Nelvine aliendesha polepole, mimi mbele, mzee nyuma na kofia yake. Aliegesha mbele ya mabati. Hatukuwa tumeshuka wote, tayari watazamaji wamekusanyika.

Kepher alimwamkia arap Ng'eno kwa heshima, kama mkubwa wake. "Mzee, habari ya nyumbani? Sasa niambie, inalia aje?"

Arap Ng'eno alifikiri. "Inalia kama gari," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mzee akavaa kofia, akaivua, akatazama mlima. Niliona jinsi shingo yake ilivyokaza na nikajua tumempoteza, huyu haongei tena mpaka Jumatatu.

"Niulize mimi," Nelvine akasema. "Mimi ndiye dereva."

Kepher akageuka. "Haya, mama. Lia kama hiyo."

Nelvine aliegemea mlango, akaweka fimbo juu ya boneti, akafumba macho. Akaanza na ule wa kuondoka: kimya, kimya, halafu "du!" na bega lake likaruka. Akaja ule wa mlimani, injini ikipaa "vuuuuuuuu" na mkono wake ukionyesha gari lililobaki chini, halijali, mpaka ghafla, "gap!" Watoto wakapiga makofi. Kisha akashusha pumzi na kutoa ile sauti nyembamba. Ilitoka puani, "nnniiiiiii", akaipandisha, akaishusha, akaipandisha tena. Ilikuwa ni gari lenyewe.

Kepher aliondoa mikono mfukoni. "Hiyo ya mwisho, inalia ukitembea tu?"

"Hata nikisimama. Nikikanyaga mafuta inapanda, nikiachia inashuka. Na asubuhi ni mbaya kuliko mchana."

"Kuna kusagana? Kama mchanga kwenye meno?"

"Hapana. Hakuna kusagana." Nelvine alikuwa bado amefumba macho. "Unajua inalia kama nini, fundi? Ndama akinyonya chuchu tupu. Maziwa yameisha na yeye anavuta tu, anavuta hewa."

Kepher alicheka kwa furaha, mkono kichwani. "Mama, umemaliza kazi! Gia zikivunjika zinasaga. Hii yako haisagi. Ndani kuna pampu inavuta oili, na hii oili ndiyo inasukuma hizo gia zishike. Kama imepungua, pampu inavuta hewa, inalia vile umelia. Gia zinakosa nguvu, zinateleza. Zikishika zinashika kwa hasira. Hii gari haijakufa. Iko na njaa."

Nelvine alifumbua macho. Sitasahau uso ule.

"Lakini oili imeenda wapi?" nikauliza mimi, maana nimezoea kuuliza kisichonihusu.

Kepher aliwasha injini, akaiacha ingurume, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi na kumwonyesha Nelvine. Nchani kulikuwa na unyevu kidogo tu. Akalala kwenye kipande cha katoni, akajisogeza chini ya pua ya gari. Tukaona miguu yake tu. Miguu ikatulia. "Kuna paipu hapa," sauti ikatoka chini. "Inapeleka oili kwa rejeta ipoe, halafu inarudi. Imekunjwa na imepasuka kidogo. Injini ikiwa imezimwa inatoa tone tone. Injini ikiwaka inatoa zaidi. Imefinywa na kitu. Kama mnyororo."

Nilitazama mawingu. Nelvine alishughulika na kifungo cha sweta yake.

Kepher akatoka chini, akajipangusa, akanyoosha vidole viwili vilivyolowa. Vilikuwa vyekundu. Vyekundu kabisa.

Arap Ng'eno alisogea. Alikishika kidole cha yule fundi kama anashika kitu cha kanisani, akakitazama, akakinusa. "Hii ni oili?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Ya otomatiki ni nyekundu. Ya kawaida ndiyo nyeusi."

Mzee akasimama hapo. "Chelel," akasema.

Nelvine alikuwa wa kwanza kuelewa. Alijishikilia kwenye mlango, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, kisha sauti ikaja na hakuweza kuizuia. Mimi nilikaa chini barabarani, heshima zangu zote zimekwisha. Tuliwaeleza watu huku tukisongwa na kicheko: tumemchoma ng'ombe sindano kwa ugonjwa wa gari! Aoko aliacha samaki waungue. Na arap Ng'eno, ambaye nilikuwa nimeshamwandalia maneno mawili matatu, alitoa sauti ndogo kama chafya, halafu nyingine, na machozi yakamtoka, naye anacheka. Sikujua kwamba ana meno mazuri hivyo.

Kepher alikata mahali palipopasuka, akaunga kwa paipu ya mpira na vibano, akamimina oili mpya ile nyekundu kidogo kidogo, injini ikinguruma, akipima na kupima tena. Nelvine aliwekwa kwenye usukani abadilishe gia: nyuma, katikati, mbele. Ile sauti nyembamba ikafifia, ikapotea. Gari likaondoka bila kufikiri. Kepher hakutudanganya, alisema imeumia kidogo kwa kuteleza muda wote ule, asubuhi za baridi itachelewa kushika gia ya tatu, na asiilazimishe mpaka ipate joto. Nelvine alisema hata yeye asubuhi za baridi mguu wake unachelewa, watangojana.

Tulirudi nyumbani kabla mvua haijaanza. Arap Ng'eno hakusema kitu njiani, lakini tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye nyasi, akampapasa Chelel shingo muda mrefu, na nadhani alikuwa anaomba msamaha. Kisha akarudi mlangoni pa gari, mkewe akiwa bado ameshika usukani. "Jumatatu hatuendi Kericho," akamwambia.

"Najua," Nelvine akasema. "Mimi ndiye ningeendesha."

Ingekuwa inatosha kuishia hapo, ila kuna Jumapili moja baadaye, mvua ikiwa haijachoka, tope la pale chini ya kituo likatushika tena. Watu wa kanisa walikuwa wanapita na nguo zao za ibada. Kama kawaida, trekta likaja, na kijana akaruka chini na mnyororo wake, akamwelekea arap Ng'eno ili ampe bwana wa minyororo heshima yake.

Mzee alisimama mbele ya gari, mikono amenyoosha kama anazuia ng'ombe wasiingie kwenye mahindi. "Hapana," akasema. "Hakuna mnyororo hapa. Mwambie trekta iende."

Akavua viatu vyake vya kanisa, akanipa nivishike. Akakunja suruali. Akawaita wanaume wenzake kwa majina, mmoja mmoja, maneno mengi kuliko yale niliyowahi kumsikia akisema kwa mwezi, wakaja nyuma ya gari wakashika buti. Nelvine akawasha injini. Kisha akatoa kichwa dirishani, na mimi nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba ameamua kumchokoza mumewe.

"Baba Robert! Mimi huku mvua inanipigia bati, sisikii vizuri. Inalia aje?"

Mzee wa kanisa, tope limefika magotini, mchungaji mwenyewe amesimama ukingoni na mwavuli. Arap Ng'eno aliinamisha kichwa upande mmoja kama mkewe. Akaweka sikio karibu na bati. Akasikiliza, kwa kweli akasikiliza. Halafu akanyanyua uso na kulia, mdomo umefungwa, sauti nzito, tulivu, ndefu: "Mmmmmmmmm."

"Ameshiba?" Nelvine akauliza.

"Ameshiba. Nenda!"

Wakasukuma, matairi yakawarushia tope mpaka kwenye tai, na gari likatoka. Nelvine hakuweza kusimama kutungoja, angezama tena, kwa hiyo alipiga honi akapanda kilima peke yake mpaka kanisani. Arap Ng'eno alibaki katikati ya barabara, ananuka tope, anamwangalia akienda. Nilimpa viatu vyake. Hakuvivaa. Tulipanda naye kile kilima kwa miguu, mvua inanyesha, na njia nzima alikuwa akitoa ile sauti taratibu kwa ndani, mmmmmmm, mpaka tukaliona gari jeupe limeegeshwa mlangoni pa kanisa na Nelvine ameegemea fimbo yake, anatungoja.